Karo Ndiyo Ndogo: Kusomea Shahada ya Biashara Ukiwa Kegonga

Chuo kikuu kilicho karibu zaidi na Kegonga hakiko karibu. Mji una soko, una ofisi za kaunti ndogo ya Kuria Mashariki, una wafanyabiashara wenye jamaa na wateja pande zote mbili za mpaka wa Tanzania, lakini anayetaka digrii lazima afunge begi. Chuo jirani zaidi ni Rongo, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Kukifikia ni kuteremka Kehancha, kushika gari la Migori, kisha lingine la Rongo. Hapo Rongo njia inagawanyika: moja inakwenda Kisii, kwenye chuo kilichopata hati mwaka 2013, na nyingine inakwenda Homa Bay, kwenye Chuo Kikuu cha Tom Mboya, ambacho kilianza kama chuo kishiriki cha Maseno. Hakuna hata kimoja ambacho mtu wa Kegonga anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni kila siku akabaki na akili timamu.

Ndiyo maana tangazo la kusoma ukiwa nyumbani linapokelewa vizuri huku kuliko Nairobi. Agosti 2023 Kenya ilizindua Chuo Kikuu Huria, chenye makao yake Konza, kinachofundisha kwa mtandao peke yake; miongoni mwa shahada zake za kwanza ni ya Biashara na Ujasiriamali. Maseno wana kitengo chao cha masomo ya mtandaoni, na Kenyatta, Nairobi, JKUAT na Mount Kenya nao wana mipango ya kusomea mbali. Kwa hiyo mtu wa Kegonga mwenye simu ana vyuo vingi vya kuchagua kuliko mwenzake wa mwaka 2000 aliyekuwa na nauli mfukoni.

Kijana anamwambia mzazi wake: "Baba, hii ya mtandaoni ni rahisi, karo yake ni ndogo." Mzee amelima tumbaku kwa mkataba tangu ujana wake, na anajua jinsi kampuni inavyokata mbegu, mbolea na dawa kabla hujashika noti yako. Anauliza, "Ndogo baada ya kukata nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Watu hulinganisha karo kwa karo, kisha wanashangaa mwaka wa pili pesa zimekwenda wapi. Karo mara nyingi ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Inayokula zaidi ni pango, chakula, kipato unachokiacha, na kubwa kuliko zote, miaka unayoongeza au digrii unayoiacha njiani. Shahada iliyofika nusu haikuongezei mshahara hata shilingi, lakini mkopo wake unadaiwa kama mwingine wowote.

Kabla ya hesabu, kuna jambo moja linaloweza kuifuta hesabu yote. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne juzi akapata C+ au zaidi ana haki ya kuomba nafasi kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo. Kwa miaka mingi, hadi 2023, aliyepangiwa chuo cha umma alikuwa akilipa shilingi 16,000 kwa mwaka, asome biashara au uhandisi. Mfumo ulioanza mwaka huo unagawa wanafunzi katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia. Sehemu ya gharama ni ufadhili usiorudishwa, sehemu ni mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na sehemu ni mzigo wa nyumbani. Mfumo wenyewe umepita mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa, na mwaka 2025 ikatangaza karo za vyuo vya umma zimepunguzwa. Kwa hiyo usitegemee karatasi ya karo ya binamu yako aliyeingia miaka miwili iliyopita. Omba ya mwaka huu.

Lakini msingi haujabadilika: ufadhili unamfuata mwanafunzi aliyepangiwa chuo cha umma. Aliyepangiwa chuo cha binafsi anaweza kupata mkopo, hapati ufadhili. Anayejipeleka mwenyewe kwenye kozi ya jioni, ya wikendi au ya mtandaoni kama mwanafunzi wa kujilipia, hana budi kubeba karo nzima. Mzazi anayemwambia bintiye aache nafasi ya KUCCPS kwa sababu "ya mtandaoni ni bei nafuu" huenda anatupa pesa ambazo hatazipata tena. Uliza kwanza kama kozi hiyo ya mtandaoni imo ndani ya mfumo wa ufadhili au iko nje. Jibu la swali hilo moja lina thamani kuliko punguzo lolote kwenye tangazo.

Sasa tukate gharama kama kampuni ya tumbaku. Tarakimu zinazofuata ni za mfano. Futa uweke zako. Tuseme chumba karibu na kampasi ni 3,500 kwa mwezi, na mwaka wa masomo una miezi minane: 28,000. Chakula cha kubana sana, shilingi 200 kwa siku, kwa siku 240: 48,000. Nauli za kwenda na kurudi mara nne kwa mwaka, 600 kila upande: 4,800. Kuchapisha kazi na kununua vitabu: 5,000. Jumla ni 85,800 kwa mwaka, kabla ya karo. Miaka minne inafika 343,200.

Upande wa pili, wa mtandaoni: bando 2,000 kwa mwezi kwa miezi minane, 16,000. Kuchapisha, 3,000. Tuseme chuo kinataka ufanye mitihani kwenye kituo chake mara mbili kwa mwaka: nauli ya safari hizo 2,400, na malazi ya usiku tano kila mara, kwa 700, ni 7,000. Hiyo ni 28,400 kwa mwaka. Ongeza vitu vya kununua mara moja: laptopu iliyotumika 35,000, na betri au sola ndogo ya kuokoa siku stima inapopotea, 8,000. Kwa miaka minne jumla ni 156,600.

Tofauti ni 186,600, na hapo ndipo wengi huweka kalamu chini. Wasiweke. Yule kijana wa kampasi angekula hata angebaki Kegonga. Labda kula nyumbani, kwa ugali wa mahindi ya shambani na ndizi za nyuma ya nyumba, kunagharimu familia nusu ya anachokula Rongo. Ukiondoa 24,000 hizo kila mwaka, tofauti inashuka hadi 90,600. Naye atahitaji laptopu pia, isipokuwa akubali kupigania kompyuta za maabara. Ikiongezwa kwenye upande wake, tofauti inapanda tena hadi 125,600 kwa miaka minne. Bado ni pesa, si kidogo, lakini si ule mlima wa mwanzo.

Sasa mgeuzie mtandao kibao. Anayesoma huku akifanya kazi ni nadra kubeba masomo yote ya muhula. Anachukua matatu badala ya sita, anaahirisha muhula mmoja mtoto akiugua, anarudia mtihani mmoja. Miaka minne inakuwa sita. Gharama za kila mwaka zinafika 170,400, na vile vifaa vinaifikisha jumla 213,400. Tofauti imeshuka hadi 68,800, na kwa mtu asiye na kazi imegeuka kuwa hasara, kwa sababu ameingia kwenye soko la ajira miaka miwili baada ya mwenzake.

Kwa mtu mwenye kazi, mambo ni kinyume kabisa. Mwenye duka la M-Pesa na vifaa vya simu pale stendi, ambaye baada ya kulipa pango na stima anabaki na 15,000 kwa mwezi, akienda Kisii kwa miezi minane anaacha 120,000 kila mwaka. Kwa miaka minne ni 480,000, kama hakupata wa kumshikia duka. Na tuseme kweli, wa kumshikia duka bila kuchezea floti hapatikani kirahisi. Hakuna karo ya kampasi, hata ikiwa ya bure, inayoweza kufidia hapo. Mtu huyu asome mtandaoni hata kwa miaka saba. Vivyo hivyo mwalimu, muuguzi wa zahanati, karani wa SACCO.

Hao si watu wa kwanza huku kusoma bila kuacha kazi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa masomo ya mbali mwaka 1986, kwa vitabu vya posta na kaseti, zamani sana kabla ya simu za mkononi. Baadaye ikaja mipango ya walimu kusoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Walimu wakuu wengi wa Kuria walipata digrii zao kwa njia hiyo, wakilala kwa jamaa au watatu chumba kimoja, kisha Januari wakarudi darasani. Muulize mmoja wao kilichomsaidia kumaliza. Hatakutajia vitabu. Atakutajia wenzake: kundi la walimu watatu au wanne waliokuwa wakisafiri pamoja, wakiazimana noti, na kupigiana simu mmoja akikata tamaa. Anayejisajili mtandaoni peke yake kutoka Kegonga bila mwenzake hata mmoja anaanza na mzigo ambao hauonekani kwenye karatasi ya karo. Duniani kote wanaoacha masomo ya mbali njiani ni wengi kuliko wanaoacha ya kampasi, na upweke ni sababu mojawapo kubwa.

Sababu nyingine ni saa mbili usiku. Darasa la moja kwa moja la uhasibu linaanza, kwa sababu chuo kinajua wanafunzi wake wako kazini mchana. Simu imeegemezwa kwenye kopo la Kimbo juu ya kaunta. Mhadhiri anaeleza namna ya kukokotoa uchakavu wa pikipiki iliyonunuliwa kwa ajili ya biashara, somo ambalo mwenye duka angelielewa vizuri kuliko mtu yeyote. "Nitolee elfu mbili, kaka." Mteja hana haja ya kusubiri uchakavu. Simu ya wakala ni hiyo hiyo ya darasa, basi darasa linafichwa, namba inaandikwa, kitambulisho kinaangaliwa, ujumbe unaingia, noti zinahesabiwa. Kurudi darasani, jedwali limeshafika mwaka wa tatu wa pikipiki. Halafu stima inakatika, na mtandao unayumba, maana kila mtu kijijini amewasha data kwa wakati mmoja.

Suluhisho lipo, lakini linagharimu: simu ya pili ya kazi, au kufunga duka saa moja mapema siku za darasa. Kufunga mapema siku tatu kwa wiki ni kipato kilichopotea, kiandikwe kwenye hesabu. Njia nyingine ni kuchagua chuo kinachorekodi masomo na kukuruhusu kuyapakua, uyasikilize saa kumi na moja alfajiri wakati mtandao uko wazi. Kwa bando, ukizima video na kubaki na sauti, unatumia sehemu ndogo tu ya data. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kumeza zaidi ya nusu GB. Kabla ya kujisajili, omba uingie darasa moja kama mgeni ukiwa hapo hapo utakaposomea, si Migori mjini kwa shemeji ambako mtandao unaruka. Kama haliingii vizuri siku ya jaribio, halitaingia siku ya mtihani.

Na simu peke yake haitoshi. Ya kusomea, sawa. Lakini shahada ya biashara ina takwimu, ina Excel, ina ripoti za kurasa ishirini, na vyuo vinavyofanya mitihani mtandaoni vinahitaji kompyuta yenye kamera inayokutazama muda wote. Anayesema atasoma digrii nzima kwa simu, mwache ajaribu kuandika mizania kamili ya kampuni kwa kidole gumba.

Kampasi nayo isipambwe. Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba 2025, na mgomo ukadumu siku 49. Mwenye nyumba hakugoma. Wanafunzi waliendelea kulipa pango na kununua sukuma kwa masomo ambayo hayakuwepo, au walirudi nyumbani huku vyumba vikiendelea kudaiwa. Mwanafunzi wa mtandaoni wa chuo hicho hicho pia alikosa mhadhiri, lakini alikuwa kwake, dukani mwake. Hatari hiyo inastahili kuwekewa bei. Ongeza miezi miwili ya pango kwa kila miaka minne kama bima, kisha omba Mungu uwe umezidisha.

Tena usidanganywe na tawi. Kila baada ya miaka michache husikika kwamba chuo fulani kinafungua tawi karibu, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliamuru Chuo Kikuu cha Kisii kifunge kampasi zake 10, na wanafunzi wakalazimika kuhamia kwingine. Waliochagua kampasi hizo kwa ajili ya ukaribu ndio walioumia, kwa sababu hawakuwa wamejiandaa kupanga chumba mji mwingine. Ukiona tawi, uliza Tume kama limeidhinishwa kufundisha kozi hiyo hasa, si kama chuo mama kina hati.

Kuna faida za kampasi ambazo siwezi kuziwekea shilingi, ila nitazitaja kwa sababu naamini ndizo zinazomfaa kijana wa miaka kumi na minane. Biashara ni watu. Kazi za vikundi, kusimama mbele ya darasa kutetea wazo lako, kukutana na mtoto wa mfanyabiashara wa Oyugis au wa mkulima wa miwa wa Awendo ambaye miaka kumi baadaye atakuwa afisa wa mikopo wa benki. Hayo hayapatikani kwa kubofya. Aliyekuwa dhaifu katika hesabu sekondari pia anamhitaji mwalimu wa kumwona uso wake ukikunjamana. Somo la takwimu la mwaka wa kwanza limewashinda wengi waliokuwa wakilisikiliza peke yao.

Kwa msichana, neno "nyumbani" linahitaji kupimwa upya. Kwa jamii nyingi za Kuria, binti aliye nyumbani ni mikono: maji, kuni, watoto wa kaka, wageni. Darasa la saa mbili usiku ni saa ya kupika. Mbali na hayo, kuna shinikizo la kuolewa, ambalo kwa binti aliyemaliza kidato cha nne halilali. Kwake yeye chumba cha 3,500 Rongo ni mlango unaofungwa kwa ndani, na kama familia inaweza kwa namna yoyote, mimi ningempeleka. Lakini mama wa watoto wawili mwenye kibanda cha nguo yuko upande wa pili: kwake mtandao ndio njia pekee isiyomlazimisha kuchagua kati ya watoto na digrii, mradi tu mume aambiwe mapema, na kwa maneno wazi, ni siku zipi yeye ndiye atakayewalaza watoto.

Jambo jingine ambalo vyuo havilifikirii ni lini pesa huingia. Mkulima wa tumbaku hupata fedha zake kwa msimu, jani linapouzwa. Wa mahindi hali kadhalika. Mwenye nyumba Rongo anadai kila mwezi, tarehe tano. Familia iliyo na pesa nyingi mara moja kwa mwaka na ukavu miezi mingine inaweza kulipa pango la muhula mzima kwa mkupuo, tena kwa kupunguziwa, kabla pesa hazijaingiwa na harusi na matanga. Au ichague mpango wa mtandaoni unaotoza kwa somo, si kwa muhula, ili mwezi mkavu uchukue masomo mawili na msimu wa mauzo uchukue matano. Uliza kama chuo kinaruhusu hivyo. Kinachotoza muhula mzima hata ukichukua somo moja hakimfai mtu wa msimu.

Wengine huku hutupia jicho ng'ambo ya mpaka. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha 1994, na kina vituo mikoani. Kituo cha mkoa wa Mara kiko Musoma, baada ya Tarime. Kinafundisha shahada ya usimamizi wa biashara, na uzoefu wake wa miaka thelathini wa kufundisha watu walio mbali si wa kubezwa. Ila kuna vikwazo viwili. Njia ya kawaida ya kuingia chuo kikuu Tanzania hupitia kidato cha sita, kwa hiyo C+ ya KCSE huenda isitoshe bila stashahada au masomo ya matayarisho. Na ukirudi na cheti chako Kenya, kinapaswa kutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kabla mwajiri wa serikali hajakipokea. Hayo mawili yanaweza kushughulikiwa. Yashughulikie kabla ya kulipa, si baada ya kuhitimu.

Mbali zaidi ya hapo, tahadhari iongezeke. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa ikiendesha msururu wa vyuo vikuu ambavyo havikuwa na darasa wala mhadhiri, bali tovuti nzuri na wauzaji wenye sauti laini. Kenya yenyewe, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza Februari 2024 kwamba ukaguzi umebaini watumishi zaidi ya 2,000 wenye vyeti vya kughushi. Baada ya hapo waajiri wamekuwa wakali. Chuo kinachokuahidi shahada ya biashara kwa miezi sita, au kinachotaka utume karo kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hakihitaji uchunguzi zaidi. Kozi halali iko kwenye orodha ya Tume, kwa jina lake kamili.

Ningependa pia kumuuliza msomaji swali ambalo wanaotangaza digrii hawaulizi: ni digrii unayotaka, au ni kazi ya uhasibu? Kama ni kazi ya vitabu vya hesabu katika SACCO, shule au kampuni, mitihani ya CPA inayosimamiwa na KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka 1969, inaheshimiwa na waajiri, inafanywa hatua kwa hatua, na unalipia hatua unayofanya. Walio na alama za chini wana stashahada ya ATD ya kuanzia. Watu wengi huishia kufanya vyote viwili, digrii na CPA. Anayeanza na CPA huanza kulipwa mapema. Na kama unachotaka ni kupanua duka lako, miaka minne ya nadharia ya menejimenti inaweza kukuletea kidogo kuliko mwaka mmoja wa kuandika mauzo yako kila jioni bila kukosa, pamoja na mtaji wa 150,000. Nasema inaweza. Anayetaka siku moja kuomba zabuni kubwa za kaunti au mkopo mzito wa benki atafaidi digrii.

Kwa hiyo, kwa jinsi ninavyoona: kijana aliyetoka kidato cha nne na nafasi ya KUCCPS aende kampasi, achague Rongo au Kisii kwa sababu ya kozi na pango, si jina. Mwenye kipato ambacho hawezi kukiacha asome mtandaoni, ahesabu miaka sita tangu mwanzo, na asianze mpaka apate mwenzake wa kusoma naye hata kama yuko Ntimaru. Aliye katikati, asiye na kazi wala ufadhili, afikirie CPA au stashahada kwanza, kwa sababu mkopo wa HELB wa riba ya asilimia 4 unaonekana mwepesi mpaka ukose kazi, na baada ya hapo kuna faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipa.

Utakapopiga simu kwa ofisi ya usajili ya chuo, uwe na karatasi. Uliza jumla ya ada zote hadi siku ya mahafali, ukiwemo usajili, mitihani, maktaba na joho. Uliza gharama ya kurudia mtihani, na ya kuahirisha muhula. Uliza mafunzo ya nyanjani yanafanyika wapi na kwa wiki ngapi, kwa sababu hata shahada ya mtandaoni ina wiki hizo, na duka halitajifungua lenyewe. Uliza mitihani inafanyika wapi hasa: kituo gani, mji gani, kwa siku ngapi mfululizo. Waambie wakutumie majibu kwa barua pepe. Kama swali la kituo cha mtihani wanalijibu "tutakujulisha", usilipe muhula huu. Ngoja wakujulishe.